Seva ya VPN nyumbani Mikindani: nani apewe ufunguo, na intaneti itatoka wapi

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Nyumbani kwetu Mikindani tulivuta faiba mwaka jana, mama ndiye anayekaa pale. Kuna kompyuta yangu ya mezani ya zamani ambayo haina kazi. Dada ni mwalimu Newala, mdogo wetu yuko chuo Dodoma, baba mdogo ana mashamba ya korosho Tandahimba. Nataka ile kompyuta iwe seva ya VPN, wote waunganishe simu zao, watumie intaneti ya nyumbani badala ya kununua bando kila siku, na waweze kufungua picha na nyaraka za familia zilizoko pale. Inawezekana? Na sheria inasemaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Mimi niko Lindi mjini, kwa hiyo nikitaja umeme wa kukatika na chumvi ya bahari, naongea ya kwetu sote.

Nianze na bando, maana hapo ndipo wengi huvunjika moyo baada ya kuhangaika siku mbili. VPN, yaani njia ya faragha inayounganisha vifaa vilivyo mbalimbali kupitia mtandao, haizai intaneti. Mdogo wenu akiwa Dodoma, simu yake haifiki Mikindani bila kupitia mnara wa kampuni yake ya simu, na safari hiyo inakatwa kwenye bando lake. Tuseme amepakua video ya GB 1 kupitia seva yenu. Ile GB 1 inashuka kwanza Mikindani kwenye faiba ya mama, inapanda tena kutoka Mikindani, ndipo inaingia kwenye simu ya Dodoma, na bando linapungua GB 1 ileile. Tena kuna ganda juu yake: kila pakiti (kipande cha data) ya baiti 1,500 hubeba baiti 60 hivi za kuifunga na kuielekeza, karibu asilimia 4. Kwa hiyo atatumia zaidi kidogo, na laini ya mama itafanya kazi mara mbili. Kama lengo lenu kubwa lilikuwa kuokoa pesa ya bando, liacheni leo kabla hamjatoa hata shilingi.

Na wale wanaouza mafaili ya "VPN ya intaneti ya bure", kaeni nao mbali. Mwenye seva ile humjui, na kila unakokwenda mtandaoni unapitia mlangoni kwake.

Lile la pili, la picha na nyaraka, ndilo VPN ya nyumbani ilikotakiwa kuishi. Ifikirie hivi: unafungua mlango wa nyuma wa nyumba ya mama, mlango ambao dada yako anaweza kuuingia akiwa ameketi Newala. Akishaingia, simu yake inajiona kama iko sebuleni Mikindani. Anafungua folda ya picha, anaona kamera ya getini, anachapa karatasi kwenye printa ya nyumbani. Baba mdogo akiwa Tandahimba msimu wa minada anapiga picha stakabadhi zake za ghala, na hapohapo zinahifadhiwa Mikindani. Vitu hivyo ni vidogo, vinapita hata kwenye mtandao hafifu, na havipiti kwenye kompyuta ya mtu baki.

Lakini mlango huo una upande wa pili, na huu ndio ninaotaka uufikirie zaidi ya waya na amri zote nitakazotaja. Mtu anayeingia nyumbani kwa VPN anaweza pia kutokea hapo kwenda mtandaoni, na akitokea hapo anatoka kwa jina la mwenye laini. Mkataba wa faiba umeandikwa jina la nani? Kama ni la mama, basi kila anachofanya mdogo wako na marafiki zake wa bweni kupitia seva hiyo, kwa watu wa nje kinaonekana kimefanywa nyumbani kwa mama. Siku mtu akija kuuliza, atabisha hodi Mikindani, si Dodoma. Kwa hiyo kabla ya yote kaa na mama, umweleze kwa lugha yake, na umwombe ruhusa kwa dhati. Nyumba ni yake.

Sasa sheria. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo kwa umma kuhusu VPN. Iliwataka watu binafsi na kampuni ambazo shughuli zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao kwake, pamoja na anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako mtandaoni), na siku ya mwisho iliyowekwa ilikuwa tarehe 30 Oktoba 2023. Msingi wake ni kanuni ya 16(2) ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, inayokataza kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia inayomwezesha mtu kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Wewe utakuwa unamiliki na unasambaza, hata kama ni kwa ndugu watatu tu. Ushauri wangu hauna kona: waandikie TCRA kabla ya kuwasha, eleza kwamba ni seva ya familia ya kufikia mafaili ya nyumbani, taja anwani yako ya IP, na tunza majibu yao kwenye faili la nyumba. Na mdogo wako aelewe kwamba mtu wa Dodoma anayetokea Mikindani bado yuko Tanzania. Seva ya nyumbani haimhamishi mtu nchi.

Tukishavuka hapo, kuna kipimo kimoja kitakachoamua kama kazi hii ni ya saa mbili au ya wiki mbili. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yenu, tafuta anwani ambayo ruta imepewa na kampuni ya intaneti. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP, ulinganishe. Zikifanana, mshukuru Mungu. Kama ile ya ruta inaanza na 10, au 192.168, au iko kati ya 172.16 na 172.31, au kati ya 100.64 na 100.127, basi nyumba yenu haina anwani yake mbele ya dunia. Mko nyumba nyingi nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wa nyumba ya vyumba kumi wenye sanduku la barua moja. Barua ya kutoka inatoka vizuri, lakini mgeni akija na jina la nyumba tu, hajui abishe chumba gani. Hali hii haikuja kwa ubaya wa mtu. Anwani za mfumo wa zamani ni bilioni 4.3 tu duniani, na AFRINIC, wanaozigawa Afrika, waliingia awamu ya mwisho ya ugawaji Januari 2020. Ndiyo maana intaneti ya laini za simu karibu yote iko hivyo, na faiba nyingine pia.

Ukikuta mko nyuma ya anwani ya pamoja, njia ya kwanza ninayoipenda ni kuomba kampuni iwape anwani ya kudumu. Huwa inalipiwa kila mwezi, lakini inakuondolea matatizo mawili kwa mkupuo: mlango unafikika, na anwani uliyowaandikia TCRA haibadiliki. Njia ya pili ni kukodi seva ndogo kwenye kituo cha data, kompyuta ya nyumbani ikaipigia yenyewe na kubaki imeshikana nayo, ndugu wakapitia hapo. Njia ya tatu ni huduma kama Tailscale, ambayo hutumia WireGuard (programu ya VPN nitakayoieleza hapa chini) ndani yake na kutafuta yenyewe namna ya kukutanisha vifaa viwili vilivyo nyuma ya anwani za pamoja. Kwa familia isiyo na fundi karibu, hii ya tatu ni nyepesi kuliko zote, na mtu asikucheke ukiichagua. Sharti lake ni moja: orodha ya nani aingie inatunzwa kwa kampuni hiyo, si kwako.

Kuhusu kompyuta yenyewe, fanya hesabu ya LUKU. Kompyuta ya mezani ya zamani ikikaa tu bila kazi hula wati 50 hivi. Usiku na mchana ni uniti 1.2, kwa mwezi uniti 36. Kama nyumba ya mama iko kwenye daraja la matumizi madogo la uniti 75, mashine hiyo peke yake inakula karibu nusu, na ikimvusha daraja mama atanunua umeme kwa bei nyingine kabisa. Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana inayokula wati 5, itatumia uniti 3.6 kwa mwezi kwa kazi ileile. Mimi ningeiuza ile ya mezani nikanunua ndogo. Ila usiitegemee kadi ya kumbukumbu peke yake kuhifadhi picha za familia, kwa sababu umeme ukikatika ghafla wakati kadi inaandikwa, mafaili huharibika. Tumia diski ya SSD ya nje, na uwe na nakala nyingine kwingine. Weka ruta na seva kwenye betri moja ndogo, mbali na dirisha la upande wa bahari. Upepo wa chumvi wa Mikindani unaozesha viungio vya waya kimyakimya, na vumbi la kiangazi linamalizia. Kama utaamua kubaki na ile ya mezani, ingia kwenye mipangilio yake ya awali uiambie ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. La sivyo mama atakuwa anapigiwa simu na watoto kila umeme ukikatika.

Programu ninayokushauri ni WireGuard. OpenVPN ni kongwe, ipo tangu 2001, na bado ni nzuri, lakini WireGuard ina mipangilio michache, haichoshi betri ya simu, na tangu Machi 2020 imo ndani ya kiini cha Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta) toleo la 5.6, kwa hiyo kwenye Debian ya sasa, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, unaongeza zana zake tu. Kinachonivutia zaidi ni tabia yake mlangoni. Mtu asiye na ufunguo akibisha hodi, haimjibu kabisa. Haisemi "nani wewe", haisemi "hapana". Anayepitapita mtandaoni akijaribu milango ya watu anaona ukuta mtupu.

Kabla hujagusa WireGuard, badilisha namba za mtandao wa nyumbani. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1, na bweni la Dodoma huenda lina hiyohiyo. Simu ya mdogo wako ikiwa hapo haitajua 192.168.1.20 unayomwambia ni ya bweni au ya Mikindani. Weka namba isiyo ya kawaida, tuseme 192.168.77, na wanaoingia kwa VPN wape 10.77.0. Kisha kwenye ruta elekeza poti (namba ya mlango wa mtandao) 51820 ya UDP iende kwenye seva. Kwenye seva yenyewe ruhusu upitishaji kwa mstari wa net.ipv4.ip_forward=1, tengeneza ufunguo wa siri kwa amri ya wg genkey na wa wazi kwa wg pubkey, na hakikisha huduma ya wg-quick inajianzisha mashine ikiwaka. Ukikwama kwenye kipande hiki, tafuta fundi wa Linux akae nawe jioni moja. Si pagumu.

Pagumu ni kwenye funguo, na hapa nimeumia mwenyewe. Nilipowawekea watu wa kwetu VPN kwa mara ya kwanza, nilitengeneza ufunguo mmoja nikawatumia wapwa watatu kwa ujumbe wa simu. Mmoja alikuwa Nachingwea, mmoja Dar es Salaam, mmoja hapa Lindi. Wakawa wanakatikiana. Huyu akiingia, yule anatoka, na mimi nililaumu mtandao wiki nzima. WireGuard humjua mtu kwa ufunguo wake, na kwa kila ufunguo hukumbuka sehemu moja tu alikoonekana mara ya mwisho. Watatu wenye ufunguo mmoja ni kama watatu wanaogombea kiti kimoja. Baadaye mmoja alipoteza simu stendi, ikabidi nifute ufunguo, na wote watatu wakabaki nje.

Kwa hiyo kila kifaa kiwe na ufunguo wake. Si kila mtu, kila kifaa. Simu ya dada ufunguo wake, kompyuta mpakato ya dada ufunguo wake, na daftarini uandike 10.77.0.3 ni simu ya dada, 10.77.0.4 ni kompyuta yake. Simu ikipotea unafuta mstari mmoja na wengine hawajui hata kama kuna kilichotokea. Ufunguo wa siri usisafiri kwa ujumbe. Ukiweza, subiri Idi au likizo ya Desemba wote waje nyumbani, uwaonyeshe msimbo wa mraba (QR) kwenye skrini, simu iupige picha, kazi imekwisha. Kwa asiyeweza kuja, programu ya WireGuard kwenye simu yake inaweza kutengeneza funguo zake yenyewe. Yeye anakutumia ule wa wazi tu, ambao hata ukibandikwa kwenye nguzo sokoni hauna hatari, na wa siri hautoki kwenye simu yake maisha.

Halafu kuna mstari mmoja kwenye mipangilio ya kila simu unaoitwa AllowedIPs, na watu hunakili wa kwanza waliouona. Ukiandika 0.0.0.0/0, kila kitu cha simu hiyo, hadi video za usiku, kitapita Mikindani na kutoka kwa jina la mama. Ukiandika 10.77.0.0/24 na 192.168.77.0/24 tu, simu itapita Mikindani pale inapotafuta vitu vya nyumbani, na mengine yote yataenda njia yake ya kawaida kwa bando lake. Kwa familia yenu ningeweka huu wa pili kwa wote. Ule wa kwanza ningempa dada peke yake, kama mpangilio wa ziada kwenye simu yake, auwashe anapotumia Wi-Fi ya nyumba ya wageni asiyoiamini. Huko kuna faida ya kweli, maana mwenye Wi-Fi ile haoni anakokwenda. Hata hivyo programu za benki na pesa za simu tayari zinasimba mawasiliano yake, kwa hiyo baba mdogo asiogope kutumia simu yake bila VPN.

Ongeza pia PersistentKeepalive = 25 kwa vifaa vilivyo nyuma ya laini za simu, ili kila sekunde 25 kipelekwe kijisalamu kidogo na njia ibaki wazi. Kwenye simu ambayo haihitaji kufikiwa muda wote unaweza kuuacha, betri itashukuru. Kama anwani ya nyumbani hubadilika na mnatumia jina badala ya namba, waambie ndugu kwamba muunganisho ukikwama wauzime na kuuwasha, kwa sababu jina husomwa pale tu unapoanza. Na kama utachukua njia ya seva ya kukodi, kuna mtego unaowasumbua wengi baada ya umeme kurudi: Raspberry Pi ya zamani haina saa yenye betri, huamka ikiwa na saa ya nyuma, na WireGuard hukataa salamu yenye muda uliopitwa. Isubiri isahihishe saa yake kwanza kutoka mtandaoni ndipo ianze kupiga hodi. Niliwahi kubadilisha kebo mbili nzima kwa kosa hilo.

Amri ya wg show itakuonyesha kila ufunguo ulisalimiana na seva lini. Ikizidi dakika 3, kifaa hicho hakipo hewani, au kimekaa tu bila kupitisha kitu. Zaidi ya hapo usichungulie. Wewe mwenye seva, kwa wale wanaopitisha kila kitu, unaweza kuona majina ya tovuti wanazokwenda hata kama huoni yaliyomo. Dada yako ni mtu mzima na mwalimu wa watu. Zima kumbukumbu za majina hayo, na umwambie kwamba umezizima. Kamera ya getini nayo usiiache wazi kwa kila mwenye ufunguo: weka kwenye seva sheria kwamba simu ya baba mdogo inafika kwenye folda ya stakabadhi tu, na kamera waione wale ambao mama mwenyewe amewataja.

Sasa kazi yako ya wiki hii ni ndogo. Ongea na mama, kisha fungua ruta usome ile anwani. Pima pia kasi ya kupanda ya faiba, si ya kushuka, kwa sababu ndugu wote watakuwa wanakula kwenye ile ya kupanda: ikiwa ni Mbps 10, picha na nyaraka zitawatosha wote, lakini kamera mbili zikitazamwa kwa pamoja mtaanza kuhisi. Ukishapata, niandikie namba mbili za mwanzo za anwani hiyo tu, usiniandikie nzima, pamoja na hiyo kasi, nami nitakwambia ni ipi kati ya zile njia tatu inayowafaa.